Chumvi ya Mbuzi

1

Wa kwanza kujua kwamba Kupaza anakufa hakuwa daktari, wala mkewe, wala ile bangili ya Mamlaka iliyomkaa mkononi usiku na mchana. Alikuwa mbuzi.

Mbuzi mwenyewe beberu, ndevu mpaka kifuani, tumbo mbele, kazi hana. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Mheshimiwa. Kila alasiri Kupaza aliporudi kutoka tanuri la chokaa, jasho limemkaukia miguuni, Mheshimiwa alikuwa akimpokea ukumbini na kumlamba vigimbi kwa bidii ambayo waheshimiwa wenzake hawajawahi kuionyesha kazini. Kupaza atacheka, mkewe Mwanamkuu atamtukana mbuzi, mbuzi ataendelea. Ndiyo iliyokuwa salamu ya nyumba ile.

Siku hiyo Mheshimiwa alikuja, akanusa, akaonja kigimbi kimoja, akafyonya kama mtu aliyepewa chai ya majani ya jana, akaenda zake kulamba ukuta.

"Haya, mwone," Mwanamkuu akasema. "Hata mbuzi kakuchoka."

Kupaza hakucheka. Alikaa kwenye kigoda akaomba maji. Akapewa kata, akamaliza. Akapewa ya pili, akamaliza. Kisha akavua shati, akalikunja vizuri kama la dukani, akalitandika mgongoni kwa mbuzi.

"Mpelekee mama anifulie," akamwambia.

Mama yake Kupaza tulimzika zamani, kabla Mamlaka haijaingia mjini.

Mwanamkuu alibaki na kata mkononi. Wakati huo wifi yake akatoka chumbani akijifunga kanga. Huyo ni Sikudhani, dada mkubwa wa Kupaza, na ukitaka kujua uzito wake katika nyumba ile tazama nani anakalia kiti chenye mto. Hakumtazama ndugu yake usoni. Mjini kwetu Chokaani siku zile watu hawakutazamana usoni, walitazamana bangili. Alimshika mkono, akaigeuza bangili kwenye mwanga, akapiga kigelegele.

"Mashaallah, mdogo wangu! Kijani kibichi, mpaka kinaelekea weusi! Mtaa wa Karakana mzima hakuna aliyefika hapa!"

"Wifi, kampa mbuzi shati."

"Acha husuda. Mwenzio anasifiwa, wewe unaleta habari za mbuzi."

Husuda! Basi kwa wale wasioijua Chokaani, tusimulie. Mji wetu uliwahi kumalizwa na presha, hilo hatubishi. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepinda mdomo au aliyeanguka chooni asiinuke. Ikaja Mamlaka ya Ladha Salama, ikaondoa majiko majumbani, ikaweka jiko moja kila mtaa, na chumvi ikafungiwa mbali kama bunduki. Ili tusilie, kila mdomo ukabandikwa gamba: kitu chembamba kama gamba la samaki changu, kinakaa juu kwenye kaakaa. Chakula kikigusa ulimi, gamba linautekenya kwa umeme mdogo sana, na ulimi unapiga mbio kwenda kuuambia ubongo kwamba chumvi imekolea. Haijakolea. Haipo. Ulimi umefanywa shahidi wa uongo na malipo yake ni utamu.

Bangili nayo husoma jasho. Chumvi ikizidi, nyekundu. Ikikaribia kuzidi, njano. Ikiwa chini, kijani. Ikiwa chini zaidi, kijani zaidi. Na hapo ndipo watu wetu, ambao hawawezi kuona ngazi bila kushindana kuipanda, walipoanza kuipanda kuelekea chini. Wanawake wakawa wanakunja mikono ya magauni ili rangi ionekane. Wachumba wakaulizwa bangili kabla ya kuulizwa ukoo.

Nyumba iliyokaa kijani mwaka mzima, watu wake wote, ilipewa bendera ya kutundika mlangoni, na mwenye bendera akiumwa dawa humfuata nyumbani. Nyumba ya Kupaza ilikuwa imebakiza siku chache tu kuipata.

Kwa Sikudhani haikuwa kujishaua peke yake, ingawa alijishaua vya kutosha. Moyo wake ulikuwa mbovu. Kabla ya gamba alivimba miguu mpaka viatu vyake vyote akavigawa, na alikuwa akilala ameketi, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Chumvi ilipokatwa, maji yakamtoka mwilini, akaanza kwenda sokoni kusengenya kwa miguu yake mwenyewe. Kwake yeye Mamlaka haikuwa serikali, ilikuwa uhai. Sasa nani wa kwenda kumwambia kwamba kilichomfufua yeye ndicho kinachomzika ndugu yake?

Mbuzi angeweza. Lakini mbuzi alikuwa anatembea uani amevaa shati.

2

Kibanda cha Mamlaka kilikuwa na ubaridi wa kuhifadhia samaki, na Mkaguzi Lukindo, ukimtazama, hakuwa ametoka jasho tangu aajiriwe. Koti, tai, kalamu tatu mfukoni asizoandikia. Alimpokea Mwanamkuu na mumewe bila kunyanyuka, akamwambia Kupaza atie mkono kwenye tundu la mashine. Mashine ikalia kwa furaha.

"Hongera," Lukindo akasema. "Mzee huyu ni mfano."

"Mfano wa nini? Jana alimpa mbuzi shati apeleke kwa mama yake."

"Ukarimu si ugonjwa, mama."

"Mama yake ni marehemu."

Lukindo akaikuna tai yake. "Uchovu huo. Anywe maji mengi."

"Anakunywa kama mtaro. Kadiri anavyokunywa ndivyo anavyopotea. Kichwa kinamuuma, misuli inamkaza, asubuhi anatapika." Mwanamkuu akainama juu ya meza. "Nikuulize, Bwana Mkaguzi. Hii bangili, mtu mzima wa afya inaonyesha rangi gani?"

"Kijani."

"Na aliyepungukiwa chumvi mwilini?"

"Kijani."

"Na maiti?"

Lukindo akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Maiti huvuliwa bangili."

Huyo ndiye mtu aliyekabidhiwa ndimi zetu. Tusimlaumu peke yake. Walioitengeneza bangili walikuwa kama yeye, watu wa vyumba vya baridi, na mtu anayeshinda kwenye baridi chumvi kidogo iliyomo ndani ya mchicha na maziwa inamtosha, na inabaki. Haikuwapitia akilini kwamba kuna viumbe wanaoshinda mdomoni mwa tanuri, wanaoacha ndoo ya jasho pale chini kisha wanarudishiwa maji matupu. Rangi ya upungufu hawakuiweka. Kwao kupungukiwa lilikuwa jambo la watu wa zamani.

"Ijumaa nitakuja mwenyewe kukabidhi bendera," Lukindo akasema, akifunga mazungumzo kama anayefunga droo. "Pikeni pilau, mtaa mzima ule. Nasikia wewe ndiye mpishi wa jiko la Karakana, na mikono yako inasifiwa."

"Mikono hiyo unayoisifu," Mwanamkuu akajibu, "ndiyo iliyomvalisha mume wangu suruali leo." Akamshika Kupaza, ambaye alikuwa akijaribu kutokea kwenye kabati.

3

Njiani alimtukana Lukindo kimoyomoyo mpaka moyo ukaishiwa maneno, na ulipoishiwa akajikuta mbele ya kibanda cha muuza dawa za mifugo. Akakumbuka kwamba Mheshimiwa naye anabomoa ukuta kwa ulimi. Akamweka Kupaza kivulini, akaeleza shida ya mbuzi.

"Mbuzi wako anataka chumvi," muuza dawa akasema. "Huyo bado ana nafuu. Wa kuhofia ni ng'ombe wa jembe. Anatoka jasho kutwa, anakunywa maji matupu, damu inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Maji yanatafuta pa kwenda, yanaingia ubongoni, ubongo unafura kama kunde zilizolowekwa. Utamwona anayumba. Anatapika. Anasahau zizi lake mwenyewe. Ukimwongezea maji ndiyo unammaliza."

Mwanamkuu akageuka kumtazama mumewe pale kivulini. Kupaza alikuwa akiusalimia mti.

"Na dawa yake?"

"Jiwe la kulamba." Akatoa tofali jeupe lenye mhuri. "Halali kabisa. Mamlaka yenyewe imekubali kwamba mnyama hawezi kuishi bila chumvi."

"Na binadamu?"

Muuza dawa akatazama kushoto, akatazama kulia. "Binadamu ana bangili."

"Basi niandikie mume wangu kama beberu."

"Usinichekeshe, mama. Hebu niambie, nyinyi wa Karakana mmeingiliwa na nini? Ghafla wote wafugaji! Mawe yangu yanakwisha kwenu, na sijaona hata kikombe cha maziwa."

Mwanamkuu alicheka tu, akalifunga jiwe kwenye kanga. Laiti angeliuliza swali moja zaidi. Mwanamke anayejua nani kamtaliki nani kabla talaka haijaandikwa, siku hiyo alikuwa na haraka.

Kupaza siku zile alikuwa kama redio ya betri kuukuu, mara inashika, mara inakata. Aliposhika, jioni ile, mkewe akamwekea jiwe mapajani.

"Lamba."

"Nilambe jiwe la mbuzi?"

"Uliyempa shati huwezi kumwonea kinyaa."

Kupaza akaligeuza jiwe, akalinusa, akalirudisha. "Hapana, Mwana. Dada ndiye aliyenilea. Bangili ikigeuka rangi bendera imekwenda, na dawa ya moyo wake imekwenda. Unataka arudi kulala ameketi?"

"Haitageuka! Wewe umekauka. Kisima kilichokauka hakifuriki kwa ndoo moja."

"Bangili haijasema nimekauka."

"Na Hizza je? Mwenzako juzi kaanguka hatua mbili kutoka mdomo wa tanuri, mkasema kasinzia. Mtu anasinzia mbele ya moto?"

"Alisinzia."

"Na ukifa wewe?"

Kupaza akatabasamu, lile tabasamu lililomponza Mwanamkuu akaolewa. "Nitakuwa nimekufa kijani."

Redio ikakata. Akamwuliza kama yeye ndiye muuza mkaa.

Mwanamkuu alikaa na lile jiwe muda mrefu. Jiko la nyumbani hana. Mume hataki. Chakula kinatoka chungu kimoja cha mtaa, na kwenye chungu hicho anakula Kupaza, wanakula wanaume wote wa tanuri, na anakula Sikudhani mwenye moyo wa karatasi. Ukitia, huenda umemwua mmoja. Usipotia, umemwua mwingine, tena huyo unalala naye kitanda kimoja. Adhabu ya kutia chumvi kwenye chungu cha umma ni jela, lakini jela hata hakuifikiria. Alimfikiria wifi yake, na kwa kweli hakumpenda. Alipendezwa na wazo kwamba hampendi, kisha likamtia woga, maana mtu akianza kufurahia kutompenda mwenzake huku ana kitu cha kumtilia kwenye chakula, huyo amekwisha kuwa mtu mwingine.

Akapata njia. Pilau ya Ijumaa, kabla hajatia chochote, atamtengea Sikudhani sahani yake safi. Halafu konzi moja tu ya jiwe lililosagwa kwenye sufuria. Magamba yatafanya kazi yaliyotumwa. Hakuna ulimi Chokaani utakaojua.

Alidhani ni yeye peke yake mwenye akili.

4

Ijumaa sufuria ya jiko la mtaa ilihamishiwa uani kwa Kupaza, na ua ukajaa. Wanawake wa Karakana wakija kupika hawaji kupika, wanakuja kujua. Nani kaachwa, nani kabadilisha bangili na dada yake ili aonekane kijani mbele ya wakwe, nani ana mimba ya kabla ya ndoa na anasema ni gesi. Sufuria ilikuwa kubwa kiasi cha kuogeshea farasi. Juu yake lilining'inia jicho la Mamlaka, kidude cha kioo kinachochungulia kila chungu cha mtaa. Lakini pilau ikichemka inatoa mvuke, na jicho likipigwa mvuke haliwi jicho tena.

Mwanamkuu alipakua sahani ya Sikudhani, akaifunika kawa, akaiweka juu ya rafu. Akangoja mvuke. Konzi moja, chap, mwiko ukapita juu yake.

"Shoga, umechoka," akasema Tunu, jirani yake, mke wa Hizza. "Leta mwiko nikusaidie. Wewe kakate vitunguu vya kachumbari."

Tunu! Mwanamke ambaye tangu aolewe hajakoroga kitu zaidi ya maneno. Mwanamkuu akashangaa, lakini akampa. Aliporudi mwiko ulikuwa kwa mwingine, akaja wa tatu akasema mkono wa mwenzake ni mzito, wa nne akasema anapenda tu harufu. Upendo uliomwagika kwenye sufuria ile siku hiyo hatujawahi kuuona hata kwenye harusi. Wote wake za watu wa tanuri. Wote wamefungia kitu kwenye pindo la kanga.

Alasiri Mkaguzi Lukindo akafika na bendera ikiwa imekunjwa kwenye boksi. Mtaa ukakaa kwenye majamvi, watu na masinia yao. Jamvi la heshima barazani walikaa wenye nyumba na mgeni wao: Lukindo, Sikudhani aliyejipaka wanja mpaka kwenye masikio, na Kupaza aliyevalishwa kanzu. Tunu akampelekea Sikudhani sahani iliyofunikwa. Haikupita dakika, akarudi nayo.

"Kaikataa."

"Kaikataa vipi?"

"Kasema hivi, namnukuu: 'Siku yangu ya bendera, wifi ananitengea sahani pembeni kama mwenye upele? Chakula cha kutengewa na wifi anakula aliyechoka kuishi. Nitakula kwenye sinia na mgeni wangu.' Na kapaza sauti, wote wamesikia."

Mwanamkuu alishika kiuno. Ungekuwepo ungemwona usoni jinsi hasira ilivyompanda, taratibu, kama maziwa yanayochemka. Haya basi. Mtu unamwokoa, yeye anadhani unamroga. Konzi moja kwenye sufuria ya mtaa mzima, konzi moja haiui. Itamfunza. Avimbe kidogo, akae ndani siku mbili, sokoni wapumzike.

"Mwache ale," akasema. Na akaenda kuuosha mwiko.

Mwiko hakuukuta. Mheshimiwa, aliyefungwa kamba pembeni ya banda, alikuwa nao. Ameukanyaga kwa kwato mbili, macho ameyafumba, anaulamba. Hakuwa analamba kama anavyolamba ukuta. Alikuwa analamba kama aliyeonyeshwa pepo. Mwanamkuu akauvuta, mbuzi akang'ang'ania na meno; akauvuta tena, Mheshimiwa akamfuata kwa magoti, analia.

Mbuzi huyu alikuwa amelamba miko ya Mwanamkuu miaka yote. Konzi moja kwenye bahari ile ya wali isingemtoa hata kivulini.

Akageuka polepole. "Tunu."

"Abee."

"Umetia nini kwenye sufuria yangu?"

"Mimi? Astaghfirullah. Mimi nimekoroga tu."

"Tunu, mumeo karibu aungue tanurini. Umetia konzi ngapi?"

Tunu akatazama chini. "Mbili. Ndogo. Mikono yangu ni midogo, shoga, unaijua." Kisha akakunja uso. "Kwani na wewe umetia?"

Mwanamkuu akawatazama wale wengine waliokuwa wakisugua vyombo visivyo na uchafu. Mmoja baada ya mwingine wakainamisha vichwa. Mawe yote ya muuza dawa yalikuwa ndani ya pilau moja. Mbuzi wote wa Karakana walikuwa wameibiwa chumvi yao, na sasa, kutoka kila ua, walikuwa wameanza kulia.

5

Alikimbia na mwiko mkononi. Alipotokea barazani Lukindo alikuwa ameshaingiza matonge kadhaa, anasifu. Kupaza anakula taratibu, macho mbali. Na Sikudhani, kwa sababu alikuwa akingoja watu wamtazame, ndiyo kwanza alikuwa amefinyanga tonge lake la kwanza na kulinyanyua kwa vidole vyenye hina.

"Usile!"

Mtaa mzima ukageuza shingo.

"Wifi, teremsha hilo tonge. Pilau ina chumvi. Ya kweli. Nimeitia mimi."

Tonge likabaki hewani. Sikudhani akacheka, kicheko cha pua. "Mmesikia? Nilisema mimi. Sahani yake imemkwama, sasa anataka kuniharibia bendera."

Lukindo akafuta midomo. "Mama, tulia. Nimekula. Chumvi ninayoisikia ni ya gamba, imekolea vizuri, kama kila siku." Akanyanyua mkono wake ili wote waone. "Bangili hii hapa. Kijani. Hakuna chumvi."

"Bangili inangoja utoke jasho! Wewe utatoka jasho lini?"

Na wakati Lukindo bado ameunyanyua ule mkono, kijani chake kikiwaka juani, Mheshimiwa akafika. Kamba imekatika, kipande kinaburuta. Alipanda jamvi la heshima kama lake, akaupata mkono wa serikali, akaanza kulamba vidole kimoja kimoja, mpaka ndani ya kiganja, mpaka chini ya bangili yenyewe. Nyuma yake wakaingia mbuzi wa Tunu na mbuzi wa nyumba nyingine zote, wakatawanyika kwenye majamvi wakitafuta mikono ya watu.

"Mtoeni huyu mnyama!" Lukindo akapiga kelele. "Ni kijani! Nasema ni kijani!"

"Niliitia kwa ajili ya mume wangu," Mwanamkuu akasema, na sasa hakuwa akimwambia Lukindo. "Wifi, ndugu yako anakufa kwa kukosa kitu kilekile kinachokuua wewe. Nikakutengea. Ukakataa. Nikasema potelea mbali, ale, avimbe. Sasa nimejua kuna konzi nyingi humo kuliko yangu. Jela nitakwenda. Lakini tonge hilo lirudishe."

"Na mimi nimetia," Tunu akasema kutoka mlangoni. Sauti nyingine nyuma yake ikasema na mimi. Na nyingine.

Sikudhani alikuwa bado na tonge mkononi. Upande mmoja mkaguzi na bangili, upande mwingine wifi na mbuzi. Hakuwa mjinga, alikuwa na kiburi tu, na kiburi kilikuwa kinamwambia ale.

Kupaza akamgusa bega.

"Mama," akamwambia dada yake, kwa upole kabisa, "shati langu limekauka?"

Sikudhani akageuka. Akamtazama. Bangili hakuitazama, alimtazama usoni, lile shavu lililoingia ndani, midomo iliyopasuka, macho yanayomtafuta mtu mwingine ndani ya sura yake. Hatujui aliona nini. Sisi tuliona mkono wake ukishuka, tonge likaanguka kwenye sinia, na mbuzi akalichukua.

"Bendera hii," akamwambia Lukindo, bila kumgeukia, "nitundike mlangoni halafu nimzike mtoto huyu chini yake?"

"Bibi, unaelewa kwamba dawa zako..."

"Nitapanga foleni. Miguu si ninayo?" Akamshika Kupaza kidevu, kama walivyokuwa zamani, yeye msichana na huyu mtoto wa mgongoni. "Kula, baba. Kula pilau ya mkeo."

"Asile sana!" Mwanamkuu akaruka. "Wala nyinyi watu wa tanuri! Matonge machache, basi. Mtatoka kaburi hili mwingie lile. Tunu, wapikie wali mweupe wachanganye!"

Lukindo alikuwa amesimama, koti limejaa mate ya mbuzi, boksi la bendera kwapani. Akasema kesho Mwanamkuu ataitwa. Akasema wote wataitwa. Akasema mambo mengi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, kutokana na jua na hasira na mbuzi watatu waliokuwa wakimfuata, jasho likamtoka. Alipofika kwenye pembe ya mtaa, bangili yake ilikuwa nyekundu kama pilipili. Hakuitazama. Tuliitazama sisi.

Barazani Sikudhani alirudi kwenye kiti chake chenye mto, akanyoosha kanga, akameza mate.

"Wifi."

"Abee."

"Ile sahani yangu iko wapi?"

Mwanamkuu akaileta mwenyewe. Sikudhani akafunua kawa, akaichunguza kwa jicho moja, kisha, mbele ya mtaa mzima, akatia mkono kwenye chakula alichotengewa na wifi yake. Wali ule haukuwa umeona hata punje ya chumvi. Akatafuna. Gamba likafanya kazi yake. Akakunja uso.

"Mh!" akasema. "Chumvi umezidisha."